Kipimajoto cha elektroniki: kifanyeje kazi upande wa mfanyakazi



Katika viwanda vingi vya chai kuna kipimajoto kilichotundikwa ukutani, karibu na mlango au karibu na ofisi ya msimamizi. Mfanyakazi wa boila akilalamika kwamba joto limezidi, huonyeshwa kipimajoto hicho. Kinasema digrii 31. Kisha huambiwa: "Mbona jana nje kulikuwa na digrii 31 na watu walikuwa wanacheza mpira?" Mazungumzo huishia hapo, naye hurudi kutupia kuni tanurini.

Kipimajoto hicho hakikusema uongo. Kilijibu swali moja tu: hewa ya ukutani pale ina joto kiasi gani? Lakini mfanyakazi hakulalamikia hewa ya ukutani. Alilalamikia joto linalomwunguza usoni kutoka kwenye mlango wa tanuri, na mvuke unaozuia jasho lake lisikauke. Maswali hayo mawili hakuna aliyeyapima.

Siku hizi kuna kipimajoto kidogo cha elektroniki ambacho bei yake ni ndogo, na ambacho fundi redio yeyote wa mtaani anaweza kukiunganisha. Vipimajoto vitatu vya aina hiyo vikitumiwa pamoja vinaweza kujibu maswali yote matatu. Makala haya yanaeleza kinavyofanya kazi, kinavyokosea, na jinsi kamati ya usalama ya tawi inavyoweza kukitumia bila kudanganywa na bila kujidanganya.

KIPIMAJOTO HIKI NI NINI?

Vipimajoto tulivyovizoea vya kioo vilikuwa na zebaki ndani yake. Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama kuviondoa sokoni vipimajoto vingi vya aina hiyo. Badala yake vimeenea vya elektroniki.

Kinachotumiwa sana na mafundi kinaitwa DS18B20. Kilibuniwa na kampuni ya Marekani iliyoitwa Dallas Semiconductor, ambayo ilinunuliwa na Maxim mwaka 2001, nayo Maxim ikanunuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Kwa umbo ni kama transista ndogo yenye miguu mitatu. Huuzwa pia kikiwa kimefungiwa ndani ya kijiti cha chuma kisichoshika kutu, chenye waya mrefu na kisichoingia maji. Kwa kazi ya kiwandani, hicho cha kijiti ndicho kinachofaa.

Miguu mitatu ina kazi tatu. Mmoja ni wa umeme unaoingia, kati ya volti 3 na 5.5. Wa pili ni wa kurudisha umeme, yaani hasi. Wa tatu ni wa mazungumzo: hapo ndipo kipimajoto hupokea amri na kutoa jibu. Kati ya waya wa mazungumzo na waya wa umeme huwekwa rezista moja ya omu 4,700. Bila rezista hiyo kipimajoto hakisikiki, na hili ndilo kosa la kwanza la mafundi wengi wanaoanza.

Kinaitwa cha dijitali kwa sababu hakitoi umeme unaopanda na kushuka ili mtu mwingine aukisie. Kinapima chenyewe, kinageuza kipimo kuwa namba, halafu kinatuma namba hiyo. Namba yenyewe ni rahisi kuisoma: ukiigawa kwa 16 unapata digrii za sentigredi. Kikituma 401, basi joto ni 401 kugawa kwa 16, yaani digrii 25.0625. Kwa hiyo hatua yake ndogo kabisa ni sehemu moja ya 16 ya digrii.

Lakini tusichanganye hatua ndogo na ukweli. Mtengenezaji mwenyewe anasema kwamba kati ya digrii 10 chini ya sifuri na digrii 85, kipimajoto kinaweza kukosea kwa nusu digrii juu au chini. Mtu akikuonyesha karatasi yenye digrii 27.0625 na kudai kwamba ni tofauti na 27.1250, mwambie kwamba chombo chake hakina uwezo huo.

Mipaka yake ni digrii 55 chini ya sifuri hadi digrii 125 juu. Kwa hewa ya kiwandani, chumba cha kunyaushia majani, chumba cha kuchachulia, ghala na shamba, mipaka hiyo inatosha kabisa. Ndani ya tanuri au bomba la moshi la boila hakifai hata kidogo, maana kitaungua. Hata pale joto halijafika 125, waya wa plastiki wa kijiti unaweza kulainika kabla ya chuma chenyewe kudhurika.

NANI ANAKISOMA?

Kipimajoto chenyewe hakina kioo cha kuonyesha namba. Kinahitaji kompyuta ndogo ya kukiamrisha. Kompyuta hiyo si ile ya mezani; ni bodi ndogo inayokaa kiganjani, yenye chipu moja inayofanya kazi moja tu uliyoipa. Bodi mashuhuri inaitwa Arduino, iliyoanzishwa mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo bodi zinazofanana nayo hutengenezwa na wengi na hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya elektroniki mijini.

Kazi unayoipa bodi hiyo ina hatua tano:

1. Kiamrishe kipimajoto kipime.
2. Subiri robo tatu ya sekunde, kwa maana ndiyo muda kinaohitaji kupima kwa hatua yake ndogo kabisa.
3. Soma namba kilichotuma.
4. Hakikisha namba haikuharibika njiani. Kipimajoto hutuma pamoja na kipimo namba ya kukagulia, kama vile karani anavyojumlisha mstari ili ajue kama kuna tarakimu iliyokosewa.
5. Andika kipimo pamoja na saa na tarehe.

Hatua ya tano husahauliwa, nayo ndiyo muhimu kwetu. Bodi haina saa inayojua tarehe umeme ukikatika. Lazima iongezewe saa ndogo yenye betri yake, na kadi ya kumbukumbu kama zile za simu. Umeme wa bodi utoke kwenye betri ya kuchajia simu, yenye volti 5. Umeme mkubwa wa ukutani usipelekwe penye mvuke na maji kwa ajili ya kipimo tu.

Jambo jingine zuri: kila DS18B20 ina namba yake ya pekee iliyochapwa ndani kiwandani, ambayo haifutiki. Kwa hiyo vipimajoto vitatu vinaweza kutumia waya mmoja wa mazungumzo, na bodi ikajua nani amesema nini. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari siku ya kwanza. Kama siku moja kipimajoto kitabadilishwa kwa siri, namba itakayoonekana kwenye kadi haitakuwa ile iliyoandikwa.

MAKOSA YANAYOSINGIZIWA WATU

Ni vizuri kuyajua makosa ya chombo hiki, kwa sababu mara nyingi chombo kikikosea analaumiwa mtu wa zamu.

Kosa la kwanza ni digrii 85. Kipimajoto hiki kikipata umeme tu, kabla hakijapima lolote, namba iliyomo ndani yake ni ya digrii 85. Programu ikisoma haraka bila kusubiri, au umeme ukikatika kidogo katikati ya kipimo, itaandika 85. Tuseme chumba cha kuchachulia chai kimekuwa na digrii 24 usiku kucha, kisha ghafla karatasi inaonyesha 85, halafu 24 tena. Hakuna mfanyakazi aliyeipika chai kwa dakika moja na kuipoza kwa dakika nyingine. Waya umelegea.

Kosa la pili ni digrii 127 chini ya sifuri. Hapana mahali duniani penye baridi hiyo. Programu inayotumiwa na wengi kwenye Arduino huandika namba hiyo inapokitafuta kipimajoto isikione: waya umekatika, umeliwa na panya, au umeng'olewa. Hatari ni pale karani anapokokotoa wastani wa siku bila kuondoa namba hizo. Vipimo tisa vya digrii 30 na kimoja cha 127 chini ya sifuri hutoa wastani wa digrii 14.3. Mtu akitazama wastani tu, atasema kiwanda kilikuwa na baridi.

Kosa la tatu ni kujipasha joto. Kipimajoto kikiamrishwa kupima mfululizo bila kupumzika, umeme wake wenyewe hukipasha kidogo. Kipimo kimoja kwa dakika kinatosha kwa shughuli yetu.

Kosa la nne ni bidhaa za kuiga. Zipo nyingi sokoni, na baadhi yake hukosea kuliko nusu digrii. Dawa yake ni kujaribu kila kipimajoto kabla ya kukitumia.

JARIBIO LA BARAFU

Twanga barafu ijae kikombe kikubwa, mimina maji safi yajaze nafasi katikati ya vipande, koroga, kisha zamisha vijiti vyote vitatu vikae katikati bila kugusa kikombe. Subiri dakika 10 huku ukikoroga mara kwa mara. Kila kimoja kionyeshe sifuri, au si zaidi ya nusu digrii juu au chini. Kinachozidi hapo kisitumike. Andika kila kimoja kimeonyesha nini.

Wengine hujaribu kwa maji yanayochemka wakitegemea digrii 100. Angalieni sana. Maji huchemka kwa digrii 100 pwani, usawa wa bahari. Kila upandapo kiasi cha mita 300 kiwango hicho hushuka kwa karibu digrii moja. Kwenye nyanda za chai zenye mwinuko wa mita 2,000, kama Kericho, maji huchemka kwa digrii 93 hivi. Fundi asiyejua hilo atakitupa kipimajoto kizuri. Barafu huyeyuka kwa sifuri ile ile, Mombasa na Kericho.

KWA NINI KIPIMAJOTO KIMOJA HAKITOSHI

Mwili wa binadamu hukaa karibu na digrii 37 ndani. Kazi nzito huongeza joto, na mwili huliondoa hasa kwa jasho. Lakini jasho linalodondoka chini halipozi mtu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu jasho halikauki, na mtu huendelea kupata joto hata kama anatiririka maji. Zaidi ya hayo kuna joto la mng'ao: lile linalokupiga usoni mlango wa tanuri unapofunguliwa, au mgongoni juani. Joto hilo hupita hewani bila kuipasha hewa sana, kwa hiyo kipimajoto cha ukutani hakilioni.

Jambo hili lilieleweka wazi katika miaka ya 1950 kwenye kambi za mafunzo za askari wa Marekani, mojawapo ikiwa Parris Island, ambako makuruta waliugua na wengine kufa kwa joto. Mwaka 1957 Constantin Yaglou na David Minard walichapisha kipimo kinachounganisha unyevu, mng'ao na hewa kuwa namba moja. Mazoezi yalipopangwa kufuatana na namba hiyo, wagonjwa walipungua. Wakaguzi wa usalama wa kazi hukiita kwa herufi WBGT, na Shirika la Kimataifa la Viwango limekiweka katika kanuni yake namba 7243, iliyorekebishwa mwaka 2017.

Vipimajoto vyetu vitatu vinatumika hivi:

Cha kwanza hupima hewa. Kikingwe kisipigwe na jua wala mng'ao wa tanuri, lakini hewa ipite.

Cha pili huvikwa utambi mweupe wa pamba ambao ncha yake imezama katika chupa ndogo ya maji safi. Utambi uwe umelowa wakati wote, na usipepewe wala usizibwe. Maji yanayokauka juu yake huupoza kama jasho linavyopoza ngozi. Hewa ikiwa kavu, kitasoma chini sana kuliko cha kwanza. Hewa ikijaa mvuke, vitakaribiana. Utambi mchafu au uliokauka hutoa kipimo cha uongo, kwa hiyo uoshwe na kubadilishwa.

Cha tatu hukaa katikati ya tufe tupu la shaba nyembamba, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Tufe la kanuni lina upana wa milimita 150. Boya la shaba la tangi la maji laweza kutumika likipatikana. Tufe dogo husoma chini kidogo kuliko tufe la kanuni penye mng'ao mkali, kwa sababu hewa hulipoza haraka. Hilo halituharibii hoja: kama tufe letu dogo linasema ni hatari, basi kweli ni hatari, na pengine zaidi. Liachwe kiasi cha dakika 20 litulie kabla ya kusoma.

Vyote viwekwe pale mtu anaposimama kufanya kazi, si ukutani. Kimo kiwe mita 1.1 kutoka chini, yaani usawa wa tumbo la mtu aliyesimama.

HESABU YENYEWE

Ndani ya jengo, au nje pasipo na jua, zidisha kipimo cha utambi kwa 0.7, zidisha kipimo cha tufe kwa 0.3, kisha jumlisha.

Nje juani, zidisha cha utambi kwa 0.7, cha tufe kwa 0.2, na cha hewa kwa 0.1, kisha jumlisha zote tatu.

Tuchukue mfano wa sehemu mbili za kiwanda kimoja. Mbele ya boila hewa ni digrii 31, utambi 27, tufe 40. Hesabu: 18.9 na 12, jumla 30.9. Darini, kwenye ghala la magunia, hewa ni digrii 34, utambi 21, tufe 35. Hesabu: 14.7 na 10.5, jumla 25.2.

Tazameni tofauti hiyo. Kwa kipimajoto cha kawaida, ghala lina joto zaidi kwa digrii tatu. Kwa kipimo kinachohusu mwili wa mtu, mbele ya boila ni pabaya zaidi kwa karibu digrii sita. Mfanyakazi aliyeonyeshwa kipimajoto cha ukutani alikuwa na haki, ila hakuwa na namba ya kuitetea.

Kwa shamba, tuseme wakataji miwa wako juani: utambi 26, tufe 45, hewa 33. Hesabu: 18.2, na 9, na 3.3, jumla 30.5.

NAMBA HIYO ILINGANISHWE NA NINI?

Kanuni 7243 inatoa viwango kufuatana na uzito wa kazi. Kwa mtu mwenye afya aliyezoea joto, aliyevaa nguo za kawaida za kazi, viwango ni hivi:

Kazi nyepesi, kama kuchambua chai mezani au kuangalia mtambo: 30.
Kazi ya wastani, kama kupalilia au kuchuma: 28.
Kazi nzito, kama kutupa kuni, kubeba magunia au kupiga koleo: 26.
Kazi nzito mno inayofanywa kwa kasi: 25.

Kwa mtu ambaye bado hajazoea joto viwango hushuka: kazi nyepesi 29, ya wastani 26, nzito 23. Na anayevaa mavazi yasiyopitisha hewa, kama ovaroli ya plastiki ya kunyunyizia dawa, huongezewa digrii nyingi kwenye hesabu, hata kufikia 10, kwa kuwa jasho lake halina pa kwenda.

Namba ikivuka kiwango, maana yake si kwamba kiwanda kifungwe. Maana yake ni kwamba kazi haiwezi kuendelea kwa mpango ule ule saa nzima. Kuna mengi ya kufanya: ngao ya bati mbele ya tanuri, tundu la kutolea mvuke, kupokezana zamu fupi fupi, kuhamishia kazi nzito asubuhi, kivuli na mapumziko. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri kikombe cha maji, kiasi cha robo lita, kila dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi kwenye joto, bila kungoja kiu. Inashauri pia kwamba mgeni afanye sehemu ya tano tu ya muda kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu ya tano kila siku. Kibarua anayeajiriwa Jumatatu na kupelekwa moja kwa moja mbele ya boila kwa zamu nzima ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Hasara ya kupuuza haya haionekani siku ile ile tu. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika juu ya ugonjwa wa figo uliowapata watu wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wengi wao wanaume wa kazi za shamba, katika nyanda za joto za pwani. Baadaye ilionekana kwamba wakataji miwa wa Amerika ya Kati, wengi wao vijana, wamo katika hatari kubwa ya ugonjwa huo, na kazi nzito juani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa sana. Maji, kivuli na mapumziko ndiyo madai yaliyotoka huko.

DAFTARI NA KAMATI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ndiyo mali ya kwanza ya mfanyakazi. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi litakalotengeneza kipimo hiki lifuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, jaribio la barafu lifanywe mbele ya watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa mwakilishi wa menejimenti ikiwezekana, na matokeo yatiwe sahihi. Chombo kilichojaribiwa mbele ya pande zote mbili hakikataliwi kwa urahisi.

Pili, mahali kilipowekwa paandikwe: hatua ngapi kutoka tanuri, kimo gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Ugomvi mwingi juu ya joto kwa kweli ni ugomvi juu ya mahali pa kupimia.

Tatu, vipimo vichukuliwe zamu zote, hata siku ambazo hakuna malalamiko. Daftari lenye siku mbaya peke yake halitaaminika. Kama ghala limepimwa likaonekana salama, liandikwe hivyo hivyo.

Nne, pembeni ya namba yaandikwe yaliyowapata watu: kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, mtu kuanguka. Na pale mtu anapochanganyikiwa au kuzirai kwenye joto, hakuna wakati wa kusoma kipimo. Apelekwe kivulini, apozwe kwa maji mwili mzima na kupepewa, na aitiwe mganga mara moja. Hiyo ni ajali ya kuua.

Tano, chombo hiki si badala ya mkaguzi. Ni sababu ya kumwita. Mkaguzi ana chombo kilichothibitishwa, na sheria iko mkononi mwake: Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba ipo hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake, alindwe asipate adhabu isiyo ya haki. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuingiza mkataba huo katika ile ya msingi.

Sita, kumbukumbu ziwe nakala mbili, moja ya kamati na moja ya menejimenti, zikitolewa kwenye kadi ile ile siku ile ile.

NENO LA MWISHO

Vipimajoto vya elektroniki vimeshaingia viwandani, na vitazidi kuingia. Vingi huwekwa kwa ajili ya chai: majani yasinyauke kupita kiasi, chai isichachuke mno, mtambo wa kukaushia usiunguze. Hilo ni jema, maana chai ikiharibika sote tunapata hasara. Lakini chai ikipimiwa joto lake kila dakika, na mtu anayeipika hapimiwi joto lake hata mara moja kwa mwaka, mpango huo una kasoro.

Chombo chenyewe hakina upande. Kitasema joto la mahali kilipowekwa, kwa jinsi kilivyoamrishwa, na kitamtumikia yule anayejua kukisoma. Kwa hiyo vijana wetu wa karakana, na mafundi redio walio katika matawi yetu, wakae na kamati zao, watengeneze kipimo kimoja, wakijaribu kwa barafu, na wakiweke mahali mtu anaposimama. Kisha siku mwenzetu wa boila atakapoonyeshwa tena kipimajoto cha ukutani, awe na daftari lake mkononi.